Badilisha Bomba, Lakini Masega Yabaki

Mji wa Mikumi umezoea magari. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi mpaka wa Zambia imeupasua katikati, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hayajui usiku wala mchana. Mwenyeji hutambua kwa sikio lori lililobeba na lililo tupu bila hata kuinua kichwa kwenye mto. Kinachomwamsha ni kitu kingine: Subaru au Mark X iliyokatwa sailensa, saa nane za usiku, inapomaliza tuta la mwisho na dereva wake akaamua kuuaga mji mzima kwa mguu wa kulia. Vioo vya madirisha vinatikisika, mbwa wanaanza, mtoto analia. Mji huo una Hospitali ya Mtakatifu Kizito, na mgonjwa aliyelazwa hana pa kuhamia.

Ni rahisi kuwatupia lawama wapita njia wa Dar es Salaam, lakini haitakuwa haki. Ndani ya Wilaya ya Kilosa yenyewe, ambayo Mikumi ni sehemu yake, magari yenye mabomba yaliyofungwa uani hayakosekani. Kijana aliyeuza ufuta vizuri ananunua Altezza ya mkononi, na kabla hajabadilisha matairi yaliyoisha anauliza bei ya ekzosi. Kazi inafanyika chini ya mwembe au kwenye gereji bubu, rafiki watatu wakishika tochi ya simu.

Kazi hiyo yenyewe haistahili kukatazwa. Kijana anayelala chini ya gari lake na kulifungua kwa mikono yake anajifunza ufundi ambao wilaya inauhitaji. Kinachostahili kukatazwa, na kukatazwa kwa ukali, ni vitu viwili kutupwa kwenye kona ya ua kila kazi inapokamilika: sailensa na masega.

Kwa mtu anayejua spana, kubadilisha bomba la moshi hakutishi. Mabomba ya mtumba kutoka Japani hupatikana Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam. Mapya ya bei nafuu huagizwa kwa simu na kuletwa na basi. Gari likishapoa kabisa linainuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi za chuma. Hapa gereji nyingi za uani hukosea kabla hata nati ya kwanza haijalegezwa, kwa sababu zinatumia tofali au jiwe. Tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila kuonya, na gari la kilo 1,500 halimpi mtu nafasi ya kujiburuza. Nati za flanji, ambazo zimepikwa kwa joto kwa miaka 15 au 20, hupuliziwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa usiku kucha. Anayezilazimisha hukata skrubu kwenye manifoldi, na kazi ya mchana mmoja inageuka kuwa ya siku kadhaa na ya kukodi mashine ya kutobolea.

Gasketi za zamani zinatupwa, mpya zinawekwa. Raba zinazoning'iniza bomba zinakaguliwa moja moja, na nati hazikazwi za mwisho mpaka bomba lote, kutoka mbele hadi nyuma, limekaa mahali pake bila kugusa shafti, tanki wala bodi. Ikibidi kuchomelea, betri inachomolewa kwanza ili umeme wa mashine usiunguze kompyuta ya gari. Na karibu na tanki la mafuta hapachomelewi kitu, hata fundi akiapa kwamba amefanya hivyo mara mia.

Halafu lipo kosa lisiloonekana. Flanji isiyokaa sawa huvujisha moshi chini ya viti, na kaboni monoksaidi iliyomo haina rangi wala harufu. Familia inasafiri kutoka Kilosa kwenda Dar es Salaam, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapiga. Watoto wa kiti cha nyuma wanasinzia, baba anaumwa kichwa, wote wanadhani ni uchovu wa safari. Kulipima hilo hakuhitaji kifaa cha gharama. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, gari liwashwe, mtu mmoja azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi, mwenzake apake maji ya sabuni kwenye viungo na kutazama mapovu. Panapotoka povu, pafunguliwe upya.

Sasa habari ya nguvu, maana ndiyo inayouza mabomba.

Vijana wengi wanaamini kwamba gari likipiga kelele limeongezeka nguvu. Imani hiyo imeokotwa kwenye magari ya mashindano, ambako bomba pana ni sehemu moja tu ya injini iliyobadilishwa yote. Kwa gari lisilo na turbo, mfano Altezza yenye injini ya 1G-FE ya silinda 6 na lita 2, kubadilisha kipande cha nyuma cha bomba huongeza nguvu kidogo mno, kiasi ambacho mgongo wa dereva hauwezi kukihisi. Moshi hutoka kwenye injini kwa mapigo. Bomba la kipenyo kinachofaa huufanya ukimbie, na pigo moja linapokimbia husaidia kuuvuta moshi wa silinda inayofuata. Likifungwa bomba la inchi 3 kwenye injini ndogo kama hiyo, moshi unapunguza mwendo, msaada huo unapotea kwenye mizunguko ya chini, na gari linavuta vibaya pale pale linapohitajika kuvuta, kwenye kilima na nyuma ya lori. Limepata sauti, limepoteza mguu.

Wenye Subaru za turbo wana hoja bora kidogo, kwa kuwa turbo hunufaika kweli na njia pana ya kutolea moshi. Lakini faida hiyo hukamilika pale kompyuta ya gari inapopangwa upya na mtu mwenye vifaa na ujuzi, na watu hao hawapatikani kila kona ya Morogoro. Bila hivyo, mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kwenda kombo na presha ya turbo kupanda kuliko ilivyokusudiwa, na pistoni ya injini ndiyo inayolipa.

Na ule mngurumo maarufu wa Subaru za zamani, ule unaowafanya watu wazima wageuke barabarani? Umetokana na mabomba ya mbele yasiyolingana urefu. Injini ya EJ20 ina silinda 4 zilizolala, 2 kila upande, na mapigo ya moshi ya upande mmoja yalisafiri njia ndefu kuliko ya upande mwingine kabla ya kukutana, ndiyo maana sauti ikawa ya kudundadunda. Subaru wenyewe walipotengeneza matoleo yenye mabomba yanayolingana, mngurumo ulipotea na nguvu haikupungua. Kwa maneno mengine, sauti ambayo mtu anaikatia sailensa ili aipate zaidi ilikuwa ni tabia ya mpangilio wa mabomba tu.

Lakini sailensa ikikatwa, jirani hupoteza usingizi. Masega yakitolewa, hupoteza zaidi ya hapo. Masega ni lile kopo lililo kati ya injini na sailensa, ndani yake mna kauri yenye maelfu ya vitundu, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo huugeuza moshi wenye sumu, yaani kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua vizuri na oksidi za nitrojeni, kuwa kwa sehemu kubwa mvuke wa maji, nitrojeni na kaboni dioksaidi. Ni madini ghali. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwenye soko la dunia, kisha bei ikaporomoka. Wanunuzi wa masega waliokuwa wakizunguka gereji za miji yetu hawakuporomoka nayo.

Biashara inakwenda haraka. Mwenye gari anaambiwa masega "yanabana injini", anapewa fedha taslimu, bomba tupu linachomelewa mahali pake, na kila mmoja anarudi nyumbani ameridhika. Baada ya siku chache taa ya njano ya injini inawaka, kwa sababu sensa ya pili ya oksijeni imegundua kwamba hakuna kinachosafishwa. Fundi mwingine analipwa aidanganye sensa. Tangu hapo taa hiyo imenyamazishwa, na siku itakapotakiwa kumwonya mwenye gari kuhusu hitilafu nyingine hakuna wa kuiamini. Ni kweli masega ya gari lililotembea sana yanaweza kuziba; dawa yake ni kupima presha na kuyabadilisha yakithibitika, na fundi anayeyashtaki bila kupima anafaa kuulizwa nani anamlipa.

Ikumbukwe kwamba nchi hii, pamoja na nchi nyingine za kusini mwa Sahara, iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi hiyo ilikuwa inadhuru ubongo wa watoto, na vilevile ilikuwa inaua masega ya kila gari lililoinywa. Kazi kubwa ilifanyika ili masega yaweze kuishi kwenye magari ya Tanzania. Kuyang'oa sasa uani kwa fedha ya matumizi ya wiki ni kuirudisha nyuma kazi hiyo, gari kwa gari.

Mazingira ya Kilosa na Mikumi yanaongeza matatizo ambayo kijana wa Masaki, Dar es Salaam, hayajui. La kwanza ni barabara. Gari lililoshushwa chini na kufungwa bomba nene huburuza tumbo kwenye matuta ya barabara kuu, na likiingia njia ya Mikumi kwenda Kilosa kupitia Ulaya (hiyo Ulaya yetu, kata ya Kilosa) mawe ndiyo yanayochagua kiungo cha kufungua. Bomba la kiwandani lilipandishwa na kukunjwa makusudi ili lipite juu ya vitu hivyo.

La pili ni moto. Chini ya kila gari kuna bati la kukinga joto kati ya bomba na vitu vinavyoweza kuungua. Bati hilo likizeeka hupiga kelele ya debe, na kwenye kazi za uani ndilo la kwanza kung'olewa na kutupwa. Masega na mabomba ya mbele hufanya kazi kwenye joto la mamia ya nyuzi. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za uwanda wa Mkata zimekauka, na dereva anayetoka pembeni ya barabara kupiga picha ya twiga akiegesha gari lisilo na bati juu ya nyasi ndefu anaweza kuacha nyuma kitu asichokikusudia. Wale wanaopanga gari zao ziteme miali kwenye tundu la nyuma, kwa ajili ya video, wanaifanya hatari hiyo kuwa mchezo.

La tatu ni wanyama wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, imekatwa na barabara hiyo kuu kwa takriban kilomita 50. Mwendo unaoruhusiwa humo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na anayemgonga mnyama anatozwa faini kulingana na mnyama mwenyewe. Kwa upande wa magurudumu, basi, sheria imejitahidi. Upande wa masikio haujaguswa vya kutosha.

Tangu miaka ya 1980, mtafiti Katy Payne alipoanza kuwasikiliza tembo wa bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, imejulikana kwamba tembo huzungumza kwa sauti nzito kupita uwezo wa sikio la binadamu, na sauti hizo husafiri kilomita kadhaa. Mlio mzito wa bomba tupu nao husafiri mbali, kwa sababu nyasi na vichaka havizuii sauti nzito. Huko Idaho, Marekani, watafiti walifanya jaribio zuri: walipanga vipaza sauti katika msitu usio na barabara kwa umbali wa nusu kilomita na kucheza sauti ya magari tu. Idadi ya ndege ikapungua kwa zaidi ya robo kila sauti ilipowashwa. Hapakuwa na gari, moshi wala taa. Anayedai kwamba swala wa Mikumi wameshazoea, kwa kuwa wanaonekana wakila kando ya lami, angezingatia kwamba wasioweza kuzoea hawapo tena pale kuhesabiwa.

Watetezi wa mabomba wana hoja moja nzito: malori. Lori la tani 30 linaloshuka kwa breki ya injini hupiga kelele kubwa, na hakuna anayeliandikia makala. Hoja hiyo inafaa kusikilizwa. Hata hivyo lori linabeba shaba au unga, kelele yake ni gharama ya kazi, na linapotoka kiwandani limefungwa sailensa yenye ukubwa wa pipa. Kelele ya Altezza ndiyo kazi yenyewe. Imenunuliwa ili isikike. Dereva angeweza kuipunguza kesho asubuhi bila kupoteza hata kilo moja ya mzigo.

Sheria haikosekani. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na baraza la mazingira, NEMC, limeshafungia baa na kumbi kwa kuzivunja. Baa ina bahati mbaya ya kukaa mahali pamoja. Gari linapita, na askari wa usalama barabarani aliyesimama Mikumi, mwenye tochi ya kupimia mwendo mkononi, mara nyingi hana cha kupimia kelele zaidi ya sikio lake. Sikio la askari halina ushahidi mahakamani, na dereva mjanja anajua. Ndiyo maana msako unaangukia zaidi bodaboda waliotoa sailensa, wanaosikika na kukamatika kwa urahisi, wakati mwenye gari la mamilioni anaambiwa "punguza kidogo, kaka" na kupita.

Japani, yalikotoka karibu magari haya yote, mambo hayakuachiwa sikio. Gari linalotumika hurudi kwenye ukaguzi wa lazima kila miaka 2, na kwa miaka mingi kiwango cha kelele kwa gari dogo lenye injini mbele kimekuwa desibeli 96, kipimo kikiwekwa karibu na tundu la bomba. Zipo sailensa za kubadilishia zilizoidhinishwa huko, zenye sauti nzuri na ya kiume kama mtu anaitaka, zisizovuka kiwango. Paris imekwenda mbali zaidi na kuanza kufunga vifaa vya kutambua gari au pikipiki yenye kelele, faini ikiwa euro 135. Hata kwenye rali, ambako vijana wetu wanachukua mfano, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hazilipi gari ruhusa ya kupiga kelele itakavyo likiwa kwenye barabara za umma: kikomo ni desibeli 103, na kifaa huwekwa nusu mita kutoka kwenye bomba. Gari la bingwa linapimwa. La Mikumi halipimwi.

Kilosa haihitaji kusubiri Paris. Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inapita wilayani humo kati ya Dar es Salaam na Dodoma bila moshi wa injini, kwa hiyo teknolojia si ngeni tena kwa watu wa huko. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na inaweza kutunga moja fupi yenye tarakimu ya desibeli, utaratibu wa kupima gari likiwa limesimama, na faini kwa gereji inayotoa masega, si kwa mwenye gari peke yake. Kifaa cha kupimia sauti hakigharimu hata robo ya tochi ya mwendo. Chuo cha VETA kipo Mikumi. Somo la kufunga na kupima mfumo wa moshi, kwa vijana wanaosomea umakanika, lingejaza pengo ambalo sasa linajazwa na video za mitandaoni zinazofundisha kukata na kuchomelea bila kutaja hata gasketi. TANAPA nao, ambao tayari wanasimamia mwendo ndani ya hifadhi, wana sababu ya kutosha kudai kelele ziingizwe kwenye masharti ya kupita humo.

Kuna watakaoona haya ni mambo madogo katika wilaya yenye mafuriko, migogoro ya ardhi na zahanati zisizo na dawa. Ni madogo kweli, na ndiyo sababu hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kinachotakiwa ni diwani mmoja wa kuleta hoja, afisa sheria wa kuiandika, na askari wa kuisimamia bila kuangalia sura ya gari.

Wakati hayo yanasubiriwa, wenye magari wana la kufanya Jumamosi hii. Anayetaka bomba jipya alifunge, achague lenye sailensa halisi na kipenyo kinacholingana na injini yake, na mabaki ya zamani ayahifadhi badala ya kuyauza. Achungulie chini ya gari: kama bati la kinga limetolewa, lirudishwe kabla nyasi hazijakauka; kama masega yameshauzwa, aanze kuweka akiba ya kununua mengine, na fundi aliyeyachukua asipewe tena gari lake.